Daftari la Yatima

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii kwa kawaida huambiwa mwenye duka asiyeandika madeni yake. Lakini iko mali nyingine ipoteayo upesi kuliko ya dukani, nayo ni mali ya mtoto aliyefiwa na baba yake. Mpaka wa shamba husogezwa kidogo kidogo. Ng'ombe husemwa kwamba walikufa. Fedha husemwa kwamba zilitumika katika mazishi. Na mtoto akifika umri wa kuuliza, wale waliojua habari wamekwisha kufa, au wamekwisha kusahau, au hawapendi kukumbuka. Hapana nchi isiyoujua msiba huo.

Somo hili lahusu watu waliojaribu kuuzuia msiba huo kwa kalamu na karatasi. Ni Wamennonite, wakulima waliokaa katika nyika za kusini mwa Urusi ya zamani, mahali ambapo leo ni nchi ya Ukraine, na baadaye wengine wao katika mkoa wa Manitoba, huko Kanada. Yaonyeshwa hapa jinsi walivyowatunza wanyonge wao, mahali waliposhindwa, na jinsi karatasi zao zilivyookoka hata habari hizi zikajulikana.

WATU HAWA NI NANI?

Jina la Wamennonite si geni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1934 wamisionari wa kanisa hilo kutoka Marekani walifika Shirati, kando ya Ziwa Viktoria katika nchi iliyoitwa Tanganyika, na hospitali ya Shirati imejulikana na wagonjwa wa pande zote mbili za mpaka. Wamisionari wale walikuwa wa tawi la Pennsylvania, ambalo asili yake ni Uswisi na Ujerumani ya kusini. Tawi linaloelezwa hapa ni jingine, lenye asili ya Uholanzi.

Watu hawa waliitwa kwa jina la Menno Simons, padre wa Friesland katika Uholanzi, aliyeacha upadre mwaka 1536 na kufa mwaka 1561. Wafuasi wake walibatiza watu wazima tu, hawakukubali kula kiapo, wala hawakukubali kushika silaha vitani. Kwa ajili ya mambo hayo waliudhiwa sana, na wengi wakakimbilia mashariki, karibu na mji wa Danzig, uitwao leo Gdańsk. Huko walipewa nchi ya matope kwenye mdomo wa mto Vistula. Wakachimba mifereji, wakajenga kingo, wakakausha maji, na pale palipokuwa kinamasi pakawa malisho na mashamba.

Lakini baadaye wafalme wa Prussia, waliohitaji askari, waliwazuia wasiongeze ardhi. Ndipo wengi wakauitika mwito wa Urusi, iliyokuwa ikitafuta wakulima kwa nchi zake mpya za kusini. Kundi la kwanza lilijenga makao ya Chortitza, karibu na mto Dnieper, mwaka 1789. Kundi la pili likajenga makao ya Molotschna kuanzia mwaka 1804; na Molotschna hatimaye ikawa na vijiji karibu 60.

KIJIJI NA SHAMBA

Kila kijiji kilikuwa na barabara moja ndefu, na nyumba zilipangwa huku na huku, kila nyumba imeshikana na zizi lake. Mashamba ya kulima na malisho yalikuwa nyuma ya kijiji. Wenye mashamba walikutana, wakamchagua mkuu wa kijiji. Na wakuu wa vijiji walikuwa chini ya mkuu wa wilaya, ambaye naye alichaguliwa.

Mwaka 1800 Mfalme Paulo wa Urusi aliwapa hati ya haki zao. Kwa hati hiyo kila jamaa iliwekewa desiatina 65 za ardhi, yaani kama eka 175. Shamba hilo halikuruhusiwa kukatwa vipande. Baba alipokufa, mrithi mmoja alilichukua zima, naye akawajibika kuwalipa ndugu zake thamani ya mafungu yao kwa fedha. Mpango huo ulilinda shamba lisipungue hata lisiweze kulisha watu. Lakini msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana baadaye lilizaa taabu kubwa.

OFISI YA YATIMA

Sasa yafaa kuuliza: ikiwa mrithi mmoja amechukua shamba zima, nani atahakikisha kwamba mdogo wake mwenye miaka mitatu atalipwa fungu lake? Hapo ndipo ilipokuwapo Ofisi ya Yatima. Desturi hii walikuja nayo kutoka nchi ya Vistula. Haikuwa nyumba ya kulelea watoto. Watoto walikaa na jamaa. Ilikuwa ofisi ya hesabu, yenye wasimamizi waliochaguliwa na watu, na sheria zilizoandikwa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu mwenye jamaa alipokufa, mali yake yote iliandikwa katika orodha: ardhi, nyumba, farasi, ng'ombe, plau, magari, vyombo, akiba ya nafaka, pamoja na madeni aliyodai na madeni aliyodaiwa. Watoto waliwekewa walezi wa mali, kwa kawaida wawili, ili mmoja awe jicho la mwenziwe. Madeni yakatolewa kwanza. Yaliyobaki yakagawanywa nusu kwa nusu: nusu ya mjane, na nusu ya watoto wote, wa kiume na wa kike kwa kadiri moja.

Chukua mfano, ili jambo lifahamike. Mtu amekufa, ameacha mali ya rubo 4,000, naye alikuwa na deni la rubo 400. Zimebaki 3,600. Mjane atapata 1,800. Watoto ni sita; basi 1,800 nyingine zitagawanywa mara sita, na kila mtoto atapata 300, msichana kama mvulana. Fungu la mtoto mdogo halikuachwa katika sanduku la mjomba. Liliwekwa katika Ofisi ya Yatima, likaandikwa katika daftari kwa jina la mtoto mwenyewe. Ikiwa faida ni 5 kwa mia, basi fungu lile la 300 litamzalia 15 kila mwaka.

Fedha hizo hazikulala. Ofisi iliwakopesha wakulima waliotaka kununua shamba au kujenga, nao wakalipa faida. Hivyo mali ya yatima ilimsaidia kijana aanzaye maisha, na jasho la kijana likakuza mali ya yatima. Yatima alipofikia utu uzima alikwenda mbele ya wasimamizi, akasomewa hesabu yake, akapokea chake.

Ilikuwapo sheria nyingine yenye hekima. Mjane, au mwanamume aliyefiwa na mkewe, hakuruhusiwa kuoa au kuolewa tena mpaka fungu la watoto limekwisha kugawanywa na kuandikwa. Wazee wale walijua kwamba baba wa kambo mwema hana sababu ya kulichukia daftari, na baba wa kambo mbaya ndiye hasa daftari lilimwandikiwa.

MOTO, UKAME NA UGONJWA

Utaratibu huo huo ulitumika kwa msiba wa moto. Kila mwenye nyumba aliandikisha thamani ya majengo yake. Nyumba ya mmoja ilipoungua, wote walitoa fedha, kila mtu kwa kadiri ya thamani aliyojiandikisha. Mwenye nyumba kubwa akatoa zaidi, mwenye nyumba ndogo akatoa haba. Aliyeunguliwa hakuhitaji kupita nyumba kwa nyumba akiomba. Alikwenda kudai haki yake, na kesho yake yeye naye alitoa kwa ajili ya mwingine.

Katika kilimo, jina la mtu mmoja lapita yote, nalo ni Johann Cornies. Alizaliwa Prussia mwaka 1789, akaletwa na wazazi wake akiwa kijana, akafa mwaka 1848. Kuanzia mwaka 1830 alikuwa mwenyekiti wa chama kilichowekwa kustawisha upandaji wa miti, na baadaye kilimo chote, katika Molotschna. Nyika ile ilikuwa tupu, haina miti, na pepo zake ni kali. Chama kikaagiza kila mwenye shamba apande miti ya matunda, miti ya mbao, na miforosadi ambayo majani yake hulisha viwavi wa hariri.

Mwaka 1833 ulikuja ukame, na mavuno yakapotea. Baada ya hapo Cornies alisisitiza kwamba shamba ligawanywe sehemu nne, na mazao yabadilishwe kwa zamu. Kila mwaka sehemu moja ilipumzishwa. Lakini kupumzisha hakukuwa kuiacha imee magugu. Ililimwa kwa plau mara kadhaa bila kupandwa kitu, magugu yakafa, na maji ya mvua na ya theluji yakahifadhiwa ndani ya udongo. Mwaka uliofuata, hata mvua ikiwa chache, mbegu ilikuta unyevu. Kwa njia hii nchi iliyodhaniwa kuwa ya kondoo tu ikawa nchi ya ngano.

Cornies hakupendwa na wote. Alikuwa mtu wa amri, na mkulima mzembe aliweza kunyang'anywa shamba lake. Viongozi kadhaa wa kanisa walimpinga, wakisema mambo ya chama yameingilia uhuru wa watu. Ugomvi huo nao umeandikwa katika karatasi zake, na ni vizuri kwamba umeandikwa.

Baadaye jamii hiyo iliongeza kazi za huruma. Katika miaka ya 1880 walianzisha shule ya watoto viziwi, na mwaka 1889 hospitali ya kijiji cha Muntau. Mwaka 1909 waliweka Halbstadt nyumba ya kuwafundisha wanawake uuguzi. Kabla ya vita vya 1914 walikuwa wamekwisha kufungua pia hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyoitwa Bethania. Hospitali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1927, ilipofungwa kwa sababu mahali pake palitakiwa kwa bwawa kubwa la umeme la mto Dnieper.

WALE WASIOANDIKWA

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba watu hawa walikuwa hawana kasoro. Madaftari yao wenyewe yanakataa.

Shamba halikuruhusiwa kukatwa, na jamaa zilikuwa na watoto wengi. Mrithi alikuwa mmoja. Ndugu zake walipokea fedha, lakini ardhi ya kununua ikawa haba, na bei yake ikapanda. Ilipofika miaka ya 1860, zaidi ya nusu ya jamaa za Molotschna zilikuwa hazina shamba. Wengine walikuwa na kibanda na bustani ndogo mwisho wa kijiji. Wengine hawakuwa na hata hicho. Waliishi kwa vibarua na kazi za mikono.

Jambo baya zaidi lilikuwa hili: katika baraza la kijiji mwenye shamba peke yake ndiye aliyepiga kura. Asiye na ardhi alilipa kodi, alikaa kanisani katika benchi lile lile, lakini hakuwa na sauti. Na ilikuwapo ardhi ya akiba, iliyowekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, ambayo wenye nguvu walikuwa wakiikodi na kuitumia. Watu hao hao waliomwandikia yatima kila kijiko cha marehemu baba yake, hawakuona kwamba nusu ya ndugu zao walikuwa wameachwa nje ya daftari.

Wasio na ardhi waliandika malalamiko, wakayapeleka mbele ya Serikali. Wenye mashamba walipinga, na ugomvi ukaingia hata kanisani. Mwaka 1866 Serikali ya Urusi iliamua kwamba wenye nyumba wasio na mashamba nao wapige kura, na kwamba ardhi ya akiba igawanywe. Mashamba yakaruhusiwa kukatwa nusu. Tena fedha za kodi ya ardhi ya jamii zikatengwa zitumike kununua nchi mpya, na makao mapya yakajengwa mbali, mahali vijana walipopata mashamba yao. Hivyo kosa lilirekebishwa. Lakini lilirekebishwa kwa sababu walioumia waliandika barua, wala hawakunyamaza.

KUANGUKA KWA OFISI KATIKA MANITOBA

Katika miaka ya 1870 Serikali ya Urusi ilileta sheria mpya ya uaskari. Kuanzia mwaka 1874 Wamennonite kama 17,000 au 18,000 walihama. Wengi wao walikwenda Marekani, na kama 7,000 walikwenda Manitoba. Katika Manitoba Serikali ilimgawia kila mtu eka 160 peke yake, lakini wao waliunganisha viwanja vyao wakajenga vijiji kama vya kwao. Walipokosa fedha za mbegu na chakula, Serikali ya Kanada iliwakopesha, na Wamennonite wenzao wa Ontario wakawa wadhamini wa deni lile.

Ofisi ya Yatima nayo ilivuka bahari pamoja nao. Kwa muda wa miaka 50 ilifanya kazi vizuri, hata watu wasio yatima wakaanza kuweka amana zao humo, na ofisi ikawa kama benki. Hapo ndipo hatari ilipoingia. Mikopo mingi ilitolewa kwa sahihi na kwa kujuana. Aliyekopa alikuwa shemeji wa huyu na jirani wa yule. Nani angemwomba aweke shamba lake rehani? Katika miaka ya 1920 watu wengi walihamia Mexico na Paraguay. Kisha ikaja miaka ya 1930, bei ya ngano ikaanguka, na bei ya mashamba ikaanguka pamoja nayo. Wadeni wakashindwa kulipa. Ofisi za Yatima, moja baada ya nyingine, zikavunjika, na watu waliokuwa na amana, na yatima miongoni mwao, wakapoteza fedha zao.

Daftari lilikuwapo. Kila deni lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Lakini kuandika deni si sawa na kulilinda. Daftari humwambia msimamizi ukweli. Haliwezi kumpa moyo wa kumkatalia rafiki yake.

KARATASI ZILIZODHANIWA KUWA ZIMEPOTEA

Wale waliobaki Urusi walipatwa na mambo mazito zaidi: mapinduzi ya 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na njaa ya 1921 na 1922. Mwaka 1920 Wamennonite wa Marekani waliunda kamati ya msaada, na mwaka 1922 majiko ya kamati hiyo yalilisha maelfu ya watu kila siku. Kwa kuwa farasi walikuwa wamekwisha kuporwa na kufa, kamati ilipeleka pia matrekta 50 ili mashamba yalimwe tena.

Katika machafuko hayo mwalimu mmoja wa Halbstadt, Peter J. Braun, alifanya kazi ambayo wengi wangeiona haina maana wakati wa njaa. Kuanzia mwaka 1917 alikusanya karatasi za Molotschna: barua za Cornies, hesabu za chama cha kilimo, karatasi za ofisi ya wilaya, orodha za shule. Yeye mwenyewe alihamia Ujerumani mwaka 1924. Mwaka 1929 wakuu wa Kisovieti walizichukua karatasi hizo, na kwa miaka 60 hivi watu wake walidhani kwamba zimeangamia.

Mwaka 1990 zilionekana katika nyumba ya hifadhi ya nyaraka ya mji wa Odessa, zaidi ya kurasa 100,000. Zikapigwa picha ndogo za filamu, na nakala zikapelekwa Amerika ya Kaskazini. Madaftari ya Ofisi za Yatima za Manitoba nayo yamewekwa katika hifadhi ya Wamennonite mjini Winnipeg. Mtu akitaka leo kujua bibi wa babu yake alirithi nini, aweza kufungua akasoma: ng'ombe wangapi, plau ngapi, na fungu la msichana lilikuwa kiasi gani.

MAFUNDISHO YAKE

Yako mafundisho matatu. La kwanza: huruma isiyo na utaratibu hutegemea hali ya moyo wa mtu, na moyo wa mtu hubadilika, huruma iliyoandikwa humngojea mtoto mpaka akue. La pili: daftari lafaa likiwa na majina ya wote. Jamii iwezayo kumhesabia yatima kuku wake yaweza, wakati huo huo, kumsahau jirani asiye na ardhi. Na anayesahauliwa hana budi kuandika na kudai. La tatu: karatasi zitunzwe, hata zile za aibu. Lau kama warithi wa Molotschna wangalitunza sifa tu na kuchoma malalamiko, wajukuu wao wangalirithi hadithi nzuri isiyofundisha kitu.

Baba alalaye kitandani katika ugonjwa wake wa mwisho hana nguvu tena ya kulinda boma. Nguvu iliyobaki ni ya walio hai kukaa pamoja mezani, kuhesabu mbele ya mashahidi, kuandika, na kutia sahihi. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake siku ile hajui kinachoandikwa. Siku moja atajua kusoma.

MASWALI KWA WANAOJIFUNZA

1. Kwa nini mali ya watoto iligawanywa na kuandikwa kabla mjane hajaolewa tena?
2. Kutokatwa kwa shamba kulileta faida gani, na kulileta hasara gani?
3. Ofisi za Yatima za Manitoba zilikuwa na madaftari mazuri. Ni jambo gani lililokosekana?
4. Katika kijiji chenu, mtoto akifiwa leo, ni nani atakayeandika mali yake, na karatasi hiyo itawekwa wapi?